Sake: kiraka cha mstari mmoja na jina lisilofutwa

Kwenye baraza ya nyumba moja ya mbao huko Sake, kilomita kama 25 magharibi mwa mji wa Goma, cherehani huanza kulia mapema. Mama mwenye cherehani anashona nguo za shule, anapunguza suruali, anabandika viraka. Pembeni yake, juu ya kidumu cha maji kilichogeuzwa kiti, anakaa kijana wake wa miaka 26 na kompyuta ya zamani magotini. Naye anabandika viraka. Tofauti ni kwamba vya kwake havina kitambaa wala uzi, na watu anaowashonea hajawahi kuwaona.

Mwaka 2025 kiraka chake cha kwanza kilikubaliwa katika Linux. Ni mstari mmoja tu. Ulimgharimu barua pepe nne, miezi mingi ya kungoja, vita vilivyomkuta katikati, na safari moja ya moto hadi Birere. Jina lake halitajwi hapa kwa ombi la mama yake. Kwingineko, kama msomaji atakavyoona, jina hilo limeandikwa wazi.

Habari yenyewe inaanzia kwenye kambi ya Bulengo. Mwezi wa pili mwaka 2024, vita vilipokaribia Sake, maelfu ya wakaaji walishika barabara ya kwenda Goma. Mama huyo alibeba kichwa cha cherehani juu ya kichwa chake, meza ya chuma akaiacha. Kijana alibeba kompyuta ndani ya mfuko wa mchele, ikiwa imezungushiwa nailoni. Alikuwa amesoma infomatiki mjini mpaka mwaka wa pili, kisha minervali ikashinda familia, akarudi nyumbani. Kompyuta hiyo ndiyo kitu pekee kilichobaki cha masomo yake.

Kambini aliweka meza ndogo karibu na njia. Alichaji simu za wahami kwa betri ya umeme wa jua, akajaza fomu za watu wasiojua kuandika, akatuma picha na ujumbe kwa ndugu waliotawanyika. Ili kufanya hivyo alinunua modemu ndogo, ile ya kuchomeka kwenye mlango wa USB, iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine. Akaichomeka. Taa ikawaka, mtandao haukuja.

Ubovu haukuwa wa modemu. Kompyuta yake haitumii Windows, inatumia Linux. Kila kifaa cha USB kina namba mbili: ya kampuni iliyokitengeneza na ya kifaa chenyewe. Kompyuta ikishazisoma, inatafuta katika orodha zake ni programu gani ya kukiendesha. Namba za modemu hii hazikuwemo. Kompyuta iliiona, lakini haikuijua.

Linux humruhusu mwenye kompyuta kuziongeza namba kwa mkono. Kijana akafanya hivyo, mtandao ukaja. Lakini ruhusa ya namna hiyo hufutika mashine ikizimwa, na Bulengo betri haikuwahi kumaliza siku mbili. Kila asubuhi alilazimika kuitambulisha modemu yake upya.

«Ni kama sisi na jetoni,» alimwambia mama yake. «Kila wakija, wanatuandika upya kama hawajawahi kutuona.»

Mama akamwuliza kwa nini wenye hiyo Linux hawaandiki namba hizo mara moja, zikabaki. Swali hilo ndilo lililoanzisha kazi yote.

Linux ni nini, na viraka vyake vinakwendaje

Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland, aitwaye Linus Torvalds, alitangaza kwamba anatengeneza mfumo wa kompyuta kwa ajili ya kujifurahisha. Aliyaweka wazi maandishi ya programu yake, kila mtu ayasome na kuyarekebisha. Leo kiini hicho cha Linux kina mistari zaidi ya milioni 30. Kinaendesha sehemu kubwa ya mashine zinazobeba intaneti, na kila simu ya Android imejengwa juu yake. Msomaji anayesoma habari hii kwenye simu ya namna hiyo ameishika Linux mkononi, hata kama hajawahi kulisikia jina lake.

Toleo jipya la kiini hutoka kila baada ya wiki 9 au 10. Kila toleo huwa na mabadiliko zaidi ya 10,000, kutoka kwa watu zaidi ya 1,500. Badiliko moja huitwa kiraka, na njia ya kawaida ya kukileta ni barua pepe. Haihitaji kuomba kazi, wala diploma, wala mtu wa kukutambulisha. Kuna faili moja ndani ya Linux inayoonyesha nani anatunza sehemu gani. Unamtafuta mtunzaji wa sehemu yako, unamwandikia, na nakala unaipeleka kwenye anwani ya wote, ambako barua huhifadhiwa wazi.

Barua ya kiraka ina umbo lake. Juu kuna kichwa kifupi kinachotaja sehemu inayoguswa. Chini yake kuna sababu: tatizo ni nini, na kwa nini dawa ni hii. Kisha sahihi. Kisha badiliko lenyewe: mstari unaotolewa una alama ya kutoa mbele yake, unaoongezwa una alama ya kujumlisha. Hakiambatanishwi kama faili, kinaandikwa ndani ya barua yenyewe, ili msomaji aweze kujibu chini ya mstari uleule anaoutilia shaka, kama mwalimu anavyoandika kwa wino mwekundu kati ya mistari ya mwanafunzi.

Kwa mtu wa kambini, njia hii ina faida ambayo watu wa miji mikubwa wanaweza wasiione. Barua ni nyepesi, kilobaiti chache tu, kuliko picha moja ya simu. Unaweza kuiandika usiku bila mtandao na kuituma mtandao unaporudi. Jibu nalo linakungoja. Mtu hahitaji kuwa amekaa mbele ya mashine saa ileile ambayo mwenzake wa Ulaya amekaa.

Kilichokuwa kizito ni kupata maandishi ya Linux yenyewe. Historia yake yote ni gigabaiti kadhaa. Rafiki yake mmoja wa mjini alimpakulia hali ya sasa tu, bila historia, mamia ya megabaiti kwa mega za usiku, akamletea kwenye fleshi.

Barua ya kwanza yarudi

Sehemu aliyoitafuta ilikuwa faili moja yenye orodha ndefu ya modemu. Akaongeza mstari wa ya kwake. Akaunakili kwenye simu, akautuma kama anavyotuma barua zote.

Baada ya dakika chache barua ilirudi. Anwani ya wote haipokei barua zilizopambwa kwa HTML, yaani zile zenye rangi na maumbo ya herufi. Inataka maandishi matupu. Simu yake iliongeza mapambo bila kumwuliza. Tena programu nyingi za barua hukata mistari mirefu au kugeuza nafasi zilizo mbele ya mstari, na kiraka kilichoguswa hivyo hakibandikiki tena.

Ikabidi ajifunze kutuma kwa Git, chombo ambacho Torvalds mwenyewe alikianzisha mwezi wa 4 mwaka 2005 kwa ajili ya kazi hii. Git hukitoa kiraka kama kilivyo na kukituma kama kilivyo. Alijituma mwenyewe mara tano kwanza, ili aone kinavyofika.

Sahihi

Kabla ya kutuma mara ya pili alikuta sharti lililomzuia kwa siku mbili. Kila kiraka lazima kiwe na mstari wa sahihi: jina na anwani ya barua pepe ya mwenye kukileta.

Sharti hilo lina sababu. Mwaka 2003 kampuni ya SCO ya Marekani ilifungua kesi dhidi ya kampuni ya IBM, ikidai kwamba mali yake imeingizwa katika Linux. Mwaka 2004 Torvalds akaleta utaratibu wa sahihi. Anayetia sahihi anathibitisha kwamba alichokileta ni kazi yake, au kwamba ana haki ya kukileta. Anakubali pia jambo jingine: kwamba mchango wake ni wa wazi, na kwamba kumbukumbu yake, pamoja na jina na anwani, itahifadhiwa bila kikomo. Kwa miaka mingi jina lilitakiwa kuwa la kweli. Tangu mwaka 2023 linakubaliwa jina ambalo mtu anajulikana nalo, lakini asiyejulikana kabisa hapokelewi.

Kijana alimtafsiria mama yake maneno hayo jioni, wakila bugali na lengalenga. Mama akaacha kula.

Watu wa huku wana historia na orodha. Kuna orodha ya mgao wa unga, ambayo jina la familia yao lilitoweka mara mbili bila maelezo. Kuna orodha nyingine ambazo mtu huomba Mungu jina lake lisionekane humo. Kumwambia mama aliyekimbia kwamba jina la mtoto wake litakaa wazi mbele ya dunia nzima, na kwamba hakuna atakayelifuta, si kumpa habari njema.

«Na wakikutafuta?» aliuliza.

«Nani, mama?»

«Sijui. Wale wanaotafutaka watu.»

Hawakuongea tena usiku huo. Siku ya pili mama alikuwa anashona mshono wa upande wa sketi ya mtoto wa jirani. Akasimamisha gurudumu kwa mkono, akauliza kama hicho kiraka kina kitu chochote cha kuibwa ndani yake, au cha kumdhuru mutu. Kijana akajibu hapana, ni namba za modemu tu.

«Basi andika,» akasema. «Jina la baba yako halijaiba kitu cha mutu.»

Jibu lisilo na salamu

Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Halikuwa na habari gani, halikuuliza hali ya nyumbani, wala halikumshukuru kwa kuandika. Mtunzaji alikuwa amekata barua yake vipande, na chini ya vipande viwili ameandika maswali. Kifaa hiki kina milango mingapi ndani yake? Kila mlango ni wa kazi gani? Aliomba kijana aongeze maelezo kamili ambayo kompyuta inayatoa kuhusu modemu hiyo. Akaonya kwamba mstari ule, ulivyoandikwa, unaweza kuchukua mlango ambao si wake.

Kijana alifunga kompyuta. Aliona kama amefukuzwa mlangoni. Katika nyumba zetu hata mtu anayekuja kudai deni husalimia kwanza. Kwa siku tatu alichaji simu za watu na hakuigusa barua ile.

Siku ya nne alisoma tena, polepole, na kamusi. Ndipo akaelewa. Modemu moja si kitu kimoja. Ndani yake mna milango kadhaa: mmoja wa kupokea amri, mwingine wa kupitisha mtandao, na wakati mwingine mingine ya mafundi. Kila mlango una programu yake ya kuuendesha. Mstari wake ulisema: milango yote ya kifaa hiki ni yangu. Kwake ulifanya kazi kwa bahati, kwa sababu programu nyingine ilifika kwanza kwenye mlango wa mtandao. Kwa mtu mwingine mwenye modemu ileile ungeweza kumkatia mtandao kabisa, naye asijue kamwe ni nani amemfanyia hivyo.

Aliyejibu bila salamu alikuwa amesoma kila neno lake, na alikuwa anawatetea watu wasiokuwepo. Kijana anasema tangu siku hiyo hakuhesabu tena salamu. Alihesabu maswali. Swali ni dalili kwamba mtu amesoma.

Akarekebisha, akaandika kwenye kichwa kwamba hili ni toleo la pili, na chini ya mstari wa vistari vitatu akaeleza nini kimebadilika. Maelezo ya mahali hapo ni ya msomaji wa barua tu, hayaingii katika historia ya Linux. Akatuma katikati ya mwezi wa kwanza mwaka 2025.

Vita vinafika tena

Desturi ya Linux ni kwamba aliyetuma kiraka angoje angalau wiki moja kabla ya kukumbusha, na zaidi ya hapo wakati toleo jipya linapopokea mabadiliko. Wiki hiyo ya kungoja haikumalizika kwa amani. Siku za mwisho za mwezi wa kwanza vita viliingia Goma. Hakuna aliyeuliza habari za modemu. Familia zilizokuwa Bulengo zililala chini, watoto katikati, zikisikiliza.

Mwezi wa pili kambi nyingi za kuzunguka Goma zikabaki tupu. Mama na mwanawe walirudi Sake. Ili kulipa gari la kubeba cherehani na turubai, kijana alipeleka modemu Birere, akamwuzia mfanyabiashara mmoja wa simu. Mtu wa mwisho aliyetumiwa ujumbe kwa modemu hiyo alikuwa shangazi wa jirani, kuambiwa kwamba watu wake wako hai.

Nyumba waliikuta imesimama, bila milango. Bati mbili zilikuwa zimeondoka, mahali pake mama akabandika turubai. Wiki kadhaa zilipita kabla kijana hajapata mtandao wa kufungua barua zake kwa simu. Jibu lilikuwa pale. Lilimngoja kati ya matangazo na barua za zamani, bila kukasirika.

Mtunzaji alisema toleo la pili ni bora. Lakini katika maelezo ya kifaa ameona mlango mmoja mwingine, wa mafundi, ambao nao una programu yake na lazima uachwe. Arekebishe, apime, atume tena.

Umepima na nini?

Kurekebisha kulichukua dakika tano. Mstari ulibaki mmoja, umeandikwa vizuri zaidi. Kupima ndiko kulikokuwa tatizo, kwa sababu modemu haikuwepo.

Kijana hafichi kwamba alitaka kuituma hivyohivyo. Alikuwa na hakika ya mstari wake. Mtunzaji yuko mbali sana, hawezi kujua kama kuna modemu Sake au hakuna. Aliandika barua, na ndani yake akaweka neno kwamba amepima. Kisha, kama alivyozoea sasa, akamsomea mama yake kwa Kiswahili kabla ya kutuma.

Mama alikuwa na tepu ya kupimia shingoni.

«Umepima na nini?» akauliza.

Kijana akanyamaza.

«Modemu si tuliuzisha?»

«Tuliiuza, mama. Lakini najua itakuwa sawa.»

«Mutu hawezi kusema amepima wakati hajapima. Na umeweka jina la baba yako chini.»

Kila mtu aliyepita kambini anajua gharama ya neno lisilopimwa. Mtu mmoja anasema njia imefunguka, familia zinafunga mizigo, zinatembea na watoto, na usiku zinarudi. Mwingine anasema unga unagawiwa kesho, wazee wanapanga mstari tangu saa kumi za usiku, gari haliji. Aliyesema hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na hakika.

Mama alitoa nauli kutoka katika kopo la vifungo. Ilikuwa pesa ya nguo mbili za shule.

Usiku huo kompyuta ilifanya kazi mpaka alfajiri ikijenga kiini kipya chenye mstari ule, kwa betri iliyoazimwa kwa jirani. Asubuhi kijana alipanda moto kwenda Goma. Yule mfanyabiashara wa Birere alikuwa bado nayo, anaitumia dukani mwake.

«Unataka kuirudisha?» aliuliza. «Bei imepanda.»

«Hapana, mukubwa. Nataka kuiazima tu. Saa moja, hapahapa mbele yako.»

Mfanyabiashara alimtazama kama mtu anayetafuta ujanja ulikofichwa. Akamruhusu kwa bei ya soda mbili, na akakaa karibu naye muda wote.

Kijana akaichomeka. Mlango wa amri ukafunguka wenyewe, bila kuandika namba yoyote. Mlango wa mtandao ukachukuliwa na programu yake. Mlango wa mafundi ukaachwa kama ulivyo. Akaichomoa, akaichomeka tena. Akazima kompyuta, akaiwasha, akachomeka mara ya tatu. Modemu ikatambulika bila kutambulishwa.

«Sasa umeifanyia nini modemu yangu?» mfanyabiashara aliuliza.

«Hakuna, mukubwa. Sasa hivi Linux itaijua.»

«Mimi natumiaka Windows.»

Wakacheka wote wawili. Toleo la tatu lilitumwa kutoka kwenye duka hilo, kwa modemu hiyohiyo. Neno la kupima lilibaki ndani yake kama lilivyoandikwa jana. Ila sasa lilikuwa la kweli.

Mstari unaobaki

Baada ya siku kumi na moja jibu lilikuja: kimekubaliwa, asante. Hakuna zaidi.

Kutoka kwa mtunzaji huyo, kiraka hupelekwa pamoja na vingine kwa watunzaji wa juu, na mwisho kwa Torvalds mwenyewe, ambaye huviunganisha katika toleo linalofuata. Namba za kifaa kipya zina bahati nyingine: kanuni za Linux zinakubali ziongezwe hata katika matoleo ya zamani yanayoendelea kutunzwa, ili mwenye kompyuta ya zamani asiachwe nyuma. Mtu yeyote mwenye modemu ya aina hiyo, popote alipo, ataichomeka na itafanya kazi. Hatajua kwamba kulikuwa na tatizo.

Jina nalo limebaki. Katika Git kila badiliko hupewa alama inayotokana na yaliyomo ndani yake na alama ya lililotangulia, kwa hiyo ukitoa moja la zamani, alama zote zinazofuata hazilingani tena. Maelfu ya watu wana nakala ya historia hiyo. Hakuna karani anayeweza kulifuta jina kimyakimya usiku wa kuamkia mgao.

Kijana hakulipwa. Hajarudi chuoni, minervali bado haipo. Modemu iko Birere. Wapo watu duniani ambao kampuni huwalipa kwa kazi ya namna hii, na viraka vyao vya zamani, vilivyo wazi kwa kila mtu, vinaweza kusoma kama cheti. Lakini yeye hawaahidi chochote vijana wawili wa Sake wanaokuja sasa jioni kukaa barazani kujifunza. Anawaambia mambo machache tu. Waanze na kitu kinachowasumbua wenyewe. Waandike sababu kabla ya dawa. Kiraka kimoja kibebe jambo moja. Wajitumie barua wenyewe kwanza. Wangoje bila kulalamika. Jibu likija kali, walisome mara ya pili kesho yake. Na wasiandike kwamba wamepima kama hawajapima.

Siku kiraka kilipoonekana katika historia ya Linux, aliifungua kwenye simu, akampelekea mama yake barazani. Mama akauliza walimlipa ngapi. Akaambiwa hakuna. Akatikisa kichwa, akacheka kidogo, akaomba aonyeshwe jina liko wapi.

Lilikuwa kwenye mstari wa sahihi. Mama akaweka kidole chini ya herufi ya kwanza, akasoma moja moja, kama anavyosoma vipimo vya nguo ya mtu. Jina la mtoto, kisha jina la baba. Kwenye jetoni ya Bulengo waliliandika kwa makosa, na kosa hilo liliwahi kuwakosesha unga.

«Hapa wameandika vizuri,» akasema. Akarudisha simu, akatia uzi kwenye sindano, akaendelea na kazi.